Ziwa Lilipofungwa: Nilivyoitika Wito Nikiwa na Hofu ya Kesho

Kwa miaka kumi na miwili nilikuwa mchuuzi wa dagaa katika mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma. Alfajiri mitumbwi inapoingia nilinunua dagaa, nikaanika, nikafunga magunia na kuyapeleka stesheni yapakiwe kwenda Tabora na Dar es Salaam. Mwezi Machi 2024 mchungaji wetu aliniita baada ya ibada akaniomba nikawe mwinjilisti wa mtaa mpya, yaani tawi dogo la usharika wetu, katika kijiji kimoja cha mwambao wa kaskazini, njia ya Kagunga, ambako watu huenda kwa boti. Hakunificha jambo. Mshahara haukuwapo, kulikuwa na nauli, pindi ikipatikana, na chumba kimoja nyuma ya kanisa la udongo.

Nilimjibu kwamba nitaliombea kwanza. Ukweli ni kwamba sikuomba, nilipiga hesabu. Nilinunua daftari nikaandika kodi ya nyumba, unga, mafuta, na mahitaji ya watoto wawili walio sekondari. Ada katika shule za serikali iliondolewa kidato cha kwanza hadi cha nne tangu 2016, lakini mzazi yeyote anajua kwamba viatu, sare na madaftari havikuondolewa pamoja nayo. Kila nilipoirudia hesabu ile ilikataa, na kila ilipokataa niliona nimepata sababu njema ya kumwambia mchungaji atafute mtu mwingine.

Juu ya hayo likaja tangazo la serikali kwamba Ziwa Tanganyika litafungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki na dagaa wapate kuzaliana. Mwenzangu wa biashara alinishika mkono akaniambia niweke mtaji wote kwenye dagaa wakavu kabla ya tarehe hiyo, tuuze Julai bei ikishapanda. Nilipomtajia habari ya wito alicheka kwa upole. "Kaka, Mungu hahami. Atakusubiri mpaka Agosti." Shemeji yangu naye, ambaye si mtu wa kanisani sana, alijua mstari mmoja tu wa kunichomea, ule wa 1 Timotheo 5:8, kwamba asiyewatunza walio wake ameikana imani.

Mstari huo ulinisumbua zaidi ya maneno ya mwenzangu, kwa sababu ni wa kweli. Nilikwenda kusoma upya habari za wavuvi walioitwa, na nikazisoma kama mchuuzi. Katika Luka 5 Petro na wenzake waliacha vyote siku ileile waliyopata samaki wengi hata nyavu zikaanza kukatika. Mtu anayejua bei ya mwaloni hawezi kupita hapo bila kujiuliza samaki wale waliachiwa nani. Lakini Marko 1:20 inasema Yakobo na Yohana walimwacha baba yao chomboni pamoja na watu wa mshahara. Basi chombo kilibaki, na kazi haikukosa mikono. Nikaona kwamba ninaweza kuitika bila kuitupa nyumba yangu.

Nilikaa na mama watoto, nikamweleza yote pamoja na hofu yangu. Tuligawa mtaji: sehemu kubwa akaishika yeye kwa biashara ya mawese sokoni Mwanga, nami nikabaki na kidogo cha nauli. Sikununua hata gunia moja la kuhifadhi. Mwishoni mwa Aprili nikapanda boti.

Bei ya dagaa ilipanda kama mwenzangu alivyosema, naye akanunua bajaji. Nilipopata habari hizo usingizi ulipaa, na usiku kucha nilikuwa nikihesabu faida ambayo ingekuwa yangu. Nasema hivi kwa sababu nimewasikia ndugu wakishuhudia kwamba waliitika wito na siku hiyohiyo amani ikawajaa. Huenda ni hivyo kwao. Mimi ilinijia kidogo kidogo, na mara nyingine ilirudi ilikotoka.

Kijijini nilikuta watu wenye hofu ileile, tena wao hawakuwa na mawese ya kuuza mjini. Washarika wengi walikuwa wavuvi au wake za wavuvi, kwa hiyo sadaka ilipungua mpaka ikawa sarafu chache na mihogo. Jumapili moja nilihubiri Mathayo 6, "Msisumbukie maisha yenu", huku mimi mwenyewe nikisumbuka. Baada ya ibada mzee mmoja mvuvi aliniambia jambo ambalo sikulifikiri. Alisema dagaa huvuliwa kwa taa gizani, na mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti, hivyo kila mwezi wavuvi hukaa siku kadhaa bila kuingia ziwani, na tangu ujana wake hajasikia mtu akisema Mungu ametutupa kwa sababu ya mbalamwezi. "Tunashona nyavu, Mwalimu, tunalima kidogo, tunangoja giza." Kuanzia wiki hiyo nilichukua jembe nikawa napalilia mihogo pamoja nao asubuhi, na jioni ndipo nilipotembelea nyumba.

Lililonibadilisha hasa, hata hivyo, ni maharage. Bibi mmoja mjane, ambaye nyumba yake nilikuwa nikiitembelea nikidhani mimi ndiye ninayemsaidia, alinijia mlangoni na ungo wa maharage mapya ya shambani kwake. Nilikataa. Nilimwambia kwa heshima zote, "Bibi, haya kula wewe na wajukuu." Aliuweka ungo chini, akanitazama, akasema, "Mwalimu, ukiyakataa maharage yangu, Jumapili utanihubiria nini?" Kisha akaondoka akauacha ungo pale.

Niliketi muda mrefu nikiutazama. Miaka yote nilikuwa mtoaji: mwenye mtaji, anayekopesha, ambaye jina lake husomwa kwenye harambee. Niliyoyaita masumbufu ya chakula na kodi yalikuwa na mzizi mwingine, na mzizi wenyewe ulikuwa aibu. Sikuogopa njaa kiasi hicho. Niliogopa kuonekana nimepewa. Na mtu asiyeweza kupokea ungo wa maharage kwa mjane, sijui alikuwa akitarajia Mungu amlishe kwa mkono gani. Niliyapika usiku ule, na kesho yake nilimrudishia ungo nikamshukuru vizuri, jambo lililokuwa gumu kuliko kuhubiri.

Ziwa lilipofunguliwa Agosti nilirudi Kibirizi kwa siku tatu za wiki, na nyingine nipo mtaani. Nanunua dagaa kidogo, kulingana na mtaji uliobaki. Mwenzangu hunitania akipita na bajaji yake, nami humwomba lifti hadi Mwanga bila kuona haya. Daftari langu la hesabu lipo bado. Mama watoto aling'oa kurasa zangu za mwanzo, na sasa anaandikia wanaodaiwa mawese.