Darasa la Kiingereza Ngamiani, na Kiswahili ndani yake

Mi naona kumkataza mtu mzima asiseme hata neno la Kiswahili kwenye darasa la Kiingereza ni kumfungia mlango, na juzi nimezidi kuamini hivyo, nilikaa kiti cha nyuma kwenye darasa moja la jioni hapa Tanga, Ngamiani, naangalia tu ticha anavyofundisha present perfect, ile tensi ya "I have seen", "I have lost". Wanafunzi ni watu wa mihangaiko yao, bodaboda, wenye magenge, mama mmoja anauza vitenge, wanafika wamechoka lakini wapo.

Kosa kubwa lilikuwa "I have seen him yesterday". Karibu wote wanasema hivyo na wala si uvivu jamani, sisi mtu akisema "nimemuona jana" hakuna anayeshtuka, ila Kiingereza ukishataja muda uliokwisha, yesterday, last week, in 2019, ile have inatoka, unasema "I saw him". Ticha angeweza kufuta akaandika sentensi sahihi wakanakili yakaisha. Yeye akachora mstari ubaoni, huku jana huku sasa hivi, kila anayetoa sentensi anainuka kuweka alama yake. Kijana mmoja akasema "I have lost my key", ticha akamuuliza, umeshaupata? Bado. Basi have yako ibaki. Mwingine akasema wake ulipotea Jumatatu, alama ikarudi nyuma, "I lost my key on Monday".

Ndo mama wa vitenge akauliza, kwa hiyo ticha, "sijala" ni "I haven't eaten" na "sikula" ni "I didn't eat"? Yani nilitamani kupiga makofi! Hilo swali kwa Kiingereza asingeliuliza, angenyamaza akaondoka nalo, na pale darasa zima lilianza kutafuta ya kwao, sijaenda, sikwenda, sijalipa, sikulipa, kelele tupu lakini kelele za watu wanaoelewa.



Kitu kimoja ningemuomba ticha, dakika za mwisho zote ziliishia kwenye kujaza nafasi kwenye daftari, kimya. Wangegeuziana viti wakaulizana "Have you ever been to Pemba?", "Yes, I went last year", maana hapo tensi zote mbili zinakutana kwenye maongezi mafupi kabisa, na Tanga hii wa kusimulia habari za Pemba hawakosekani.