Wafalme wawili, vita moja
Jana nilipanda basi kutoka Bogotá hadi Chocontá, kama kilomita 75 hivi. Baridi ya milimani, mashamba ya viazi, ng'ombe wakila majani taratibu. Nilikuja kwa ajili ya mtu mmoja tu: Saguamanchica.

Huyu alikuwa zipa, yaani mtawala wa Wamuisca, wenyeji wa asili wa milima hii ya Kolombia, wa upande wa Bacatá, jina ambalo ndilo lililozaa Bogotá ya leo. Alishika utawala mnamo 1470 baada ya Meicuchuca. Akashuka kusini, akawashinda Wasutagao wa upande wa Fusagasugá, kisha akageukia kaskazini kumkabili Michuá, zaque, yaani mtawala wa Wamuisca wa Hunza, mji tunaouita Tunja sasa. Majeshi yakakutana hapa Chocontá, mnamo 1490. Watu wa Bacatá walishinda, lakini Saguamanchica alikufa vitani. Michuá naye akafa. Wakuu wote wawili, vita hiyo hiyo!

Nilisimama pale nikitazama mabonde, koo likanikaba. Miaka ishirini ya kujenga dola, halafu hata kuuona ushindi wake asiuone.

Kiti hakikwenda kwa mwanawe. Kwa desturi ya Wamuisca kilimwendea mtoto wa dada, akatawala Nemequene. Kiswahili kina neno kamili la uhusiano huo, mpwa, na nililitamka kwa sauti pale peke yangu. Wahispania walifika nyanda hizi mwaka 1537, miaka 47 tu baadaye.