Mtoto mpole naye anaweza kuwa na ADHD

Mwanangu akitumwa hasikii, na kazi ya shule haimalizi. Wifi yangu alisema ni soda na pipi. Mwalimu wa tuisheni akasema ni uvivu, akapandisha na bei. Jirani mmoja, mama mtu mzima ninayemheshimu, alisema fimbo haijamwingia sawasawa. Mtaa mzima ulikuwa na dawa ya mwanangu, ila hakuna aliyeuliza anaumwa nini.

Binti yangu si mtundu. Naliandika hili mapema kwa sababu ukitaja ADHD, ile hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kuweka umakini au kutulia, watu wanamuona yule mvulana anayepanda juu ya kabati. Wangu mpole mpaka wageni wananisifia malezi. Unamtuma, anakutazama usoni, anaitikia "abee mama", kumbe hajasikia hata neno. Daftari lake la hesabu la darasa la tatu ninalo hadi leo. Maswali matatu ya kwanza yana vema nyekundu, la nne limeishia kwenye alama ya kujumlisha, na kuanzia hapo ni sisimizi. Sisimizi wengi, wamechorwa kwa ustadi, mmoja kabeba punje ya mchele. Chini mwalimu kaandika: "Aongeze bidii."

Hilo la sukari lilisimamiwa na wifi mwenyewe, alikuja likizo ya Juni akakaa kwetu. Nyumba nzima tukanywa chai bila sukari, wakubwa kwa wadogo. Uji wa ulezi haukutiwa kitu. Maandazi marufuku. Kopo la sukari alilificha juu ya kabati la vyombo, nyuma ya ndoo ya unga. Baba watoto akahamishia chai yake kazini, akawa anarudi amechangamka kuliko sote. Mtoto? Aliendelea kusahau sweta kwenye daladala kama kawaida. Halafu usiku mmoja nikaingia jikoni kutafuta maji, nikamkuta wifi kapanda kigoda, kopo wazi, kijiko mdomoni. Tulitazamana. Asubuhi chai ilikuwa na sukari na hakuna aliyeuliza. Baadaye daktari akaniambia kwamba kuna utafiti ambao watoto walipewa sukari, wengine utamu wa bandia, bila wazazi kujua nani kapewa nini, na tabia zao hazikutofautiana. Siku hiyo hiyo nilimpigia wifi simu.

Kwa daktari wa akili wa watoto nilifika kwa rufaa, na foleni ile ndiyo iliyoniumiza kuliko pesa. Vipimo vya macho na masikio, nauli, chai ya kusubiria, jumla laki moja na ushee hivi. Alianza na hivyo vipimo kwa makusudi, maana mtoto asiyesikia vizuri naye huonekana hasikilizi. Akauliza kama anakoroma usiku, kwa kuwa asiyelala vizuri anaweza kukaa darasani kama aliyekufa ganzi. Akauliza pia kama kuna nyakati anakodoa macho ghafla, hata ukimgusa hashtuki, kwa sababu kuna kifafa cha namna hiyo kisichoangusha mtu. Yote hayakuwapo.

Ndipo akatoa fomu mbili, yangu na ya mwalimu. Hapo nilielewa kwa nini ziwe mbili. Mwongozo wanaoutumia, uliotolewa Marekani mwaka 2013, una dalili tisa za kukosa umakini na tisa za kutotulia na kukurupuka. Mtoto anatakiwa awe na sita au zaidi katika kundi mojawapo, zidumu miezi sita au zaidi, zionekane mahali pawili au zaidi, kama nyumbani na shuleni, na baadhi ziwe zimeanza kabla ya miaka 12. Wangu alijaza kundi la kwanza karibu lote, la pili hakugusa. Wasichana wengi wanapitwa kwa sababu hiyo, hawamsumbui mtu. Daktari alipouliza kama kuna ndugu wa hivyo, maana ADHD hurithiwa sana, baba yake alikuwa nje anatafuta funguo za pikipiki. Zilikuwa zinaning'inia kwenye pikipiki.

Dawa tulizungumzia, tukakubaliana tuanze na darasa na nyumba kwanza. Mwalimu akamtoa dirishani akamketisha mbele. Nyumbani ujanja ni wangu na najisifu nao. Zamani nikimtuma dukani kwa Mangi vitu vitatu analeta kimoja, au chenji bila kitu. Nikaona mbona nyimbo za kuruka kamba anazijua zote, hakosei hata silabi? Basi nikamtungia: chumvi, kiberiti, nyanya tatu, anaruka nazo mguu mmoja mpaka kaunta. Mangi alicheka wiki nzima. Vitu vilifika. Jedwali la kuzidisha tulilipeleka kwenye kamba, la saba likamshinda mpaka alipoliruka akiwa peku. Maagizo natoa moja moja, nimemshika bega kwanza. Ukipiga kelele kutoka jikoni unajichosha bure.

Kama unampeleka wako, beba madaftari ya miaka ya nyuma. Daktari alipofika kwenye wale sisimizi aliacha kuniuliza maswali, akafungua lingine.