Kula hotelini bila nyama, samaki, mayai wala maziwa: ongea na anayepika

Watu wakijua mi ni vegani, yaani sili nyama, samaki, mayai wala maziwa, swali linakuwa lilelile, sasa ukitoka unakula nini? Naishi Dar, kazini tunakula nje karibu kila mchana, jumapili natoka na ndugu, na jibu langu ni kwamba nakula vizuri tu, tena nakula vizuri zaidi kwa mama ntilie na kwenye hoteli za kawaida kuliko kule kwenye migahawa ya viyoyozi yenye menyu ya kurasa nane.

Hebu angalia kilichopo kwa mama ntilie yeyote mchana. Wali, ugali, maharage, mchicha, matembele, kisamvu cha karanga, bamia, njegere, siku nyingine ndizi za nazi au makande. Hicho ndo chakula tulichokulia. Mi kwetu Tanga, asubuhi ni mbaazi za nazi, na hakuna aliyekuwa anaita hicho chakula cha watu maalum. Ndo maana inaniuma sana mtu akisema kula mimea ni mambo ya wazungu, wakati sahani ya wali maharage na mchicha unaipata kwa buku mbili tatu, umeshiba, na haina kitu chochote cha mnyama ndani yake.

Ila sasa, vyakula vipo, shida iko kwenye kile kinachoongezwa mwishoni. Mama anapakua wali, anaweka maharage pembeni, anaweka mchicha, anaangalia sahani anaona kavu, basi anachukua upawa uliokuwa kwenye sufuria ya nyama anakumiminia mchuzi juu ya wali kabla hujafungua mdomo. Na anafanya hivyo kwa upendo, kwake kumpa mtu wali mkavu ni kama kumdharau. Mi nlichojifunza ni kuongea kabla hajashika upawa. "Mama shikamoo, leo naomba wali na maharage, mchuzi wa nyama usiniwekee, niongezee wa maharage." "Kwani unaumwa mwanangu?" "Hapana mama, situmii tu." Ameelewa, na kesho yake akiniona anaanza yeye, wa maharage njoo huku. Ukishafika hapo hiyo hoteli ni ya kwako.

Kitu kingine, usiseme "sili nyama" ukaishia hapo, maana kwa watu wengi nyama ni ya ng'ombe na mbuzi, utaletewa kuku na mtu anashangaa kwa nini hufurahi. Taja kimoja kimoja: nyama, kuku, samaki, dagaa, mayai, maziwa, samli. Dagaa ndo wa kuulizia sana kwasababu wanajificha kwenye mboga za majani, na kisamvu ukanda wa pwani unaweza kukuta kimewekwa papa. Pilau mi siigusi hata kama wananitolea nyama pembeni, wali umeshaiva kwenye supu ya ile nyama, kuitoa mwishoni hakubadilishi kitu. Mchicha au njegere wakiniambia zimeungwa kwa nazi nafurahi, wakisema kwa maziwa naacha. Chapati nauliza kama imekandwa na maziwa au mayai, wengi wanakanda na maji, mafuta na chumvi basi, lakini wapo wanaotia maziwa ili ziwe laini.

Chipsi nazo, kila mtu ananiambia si ule chipsi, kana kwamba hakuna la kufikiria. Kwenye kibanda karai ni moja, humohumo wanakaanga viazi, kuku na soseji. Ukiwahi jioni ile wanapoanza, mafuta ni mapya na kuku hajaingia, unapata chipsi safi na kachumbari na ukwaju. Ukienda saa tatu usiku ni habari nyingine kabisa. Najua wapo vegani wanaosema mafuta hayawasumbui, wanachojali ni kutonunua nyama tu, na siwahukumu, mi tu nasikia ile ladha na siwezi.

Sasa tuje kwenye migahawa ya bei. Nimekaa sehemu moja Masaki, siitaji, supu ya maboga imeandikwa kwenye menyu na alama ya jani pembeni, nikamuuliza dada anayehudumia akasema haina nyama kabisa. Nikamwomba kwa upole aende jikoni aulize imepikwa na nini. Karudi, imepikwa na supu ya kuku na kumaliziwa na krimu. Yule dada hakunidanganya, aliangalia kama kuna kipande cha nyama na hakipo. Lakini mwenye mgahawa anayebandika alama ya jani halafu hamwambii mhudumu maana yake anakosea, na bei inakuwa elfu ishirini na kitu. Siku hizi sehemu kama hizo siangalii ukurasa wa saladi, naomba vile vya kuongezea pembeni, wali, viazi, mchicha, uyoga ukiwepo, maharage, niwekewe vyote kwenye sahani moja na vikaangwe kwa mafuta ya kawaida sio siagi. Mpishi akiwa hajazidiwa huwa anafurahi kabisa. Ukiweza piga simu mapema, na usiende saa saba mchana jiko likiwa limewaka moto ukaanza maswali, hapo hata mtu mwema anachoka.

Kama unataka kupumzika na hayo maswali nenda Kisutu, katikati ya Dar, zile hoteli za Wahindi karibu na mahekalu. Pale nyama na mayai havipo kabisa, unakaa unaletewa sahani ya dengu, viazi, mboga mbili tatu, wali na chapati. Cha kuangalia pale ni maziwa tu: samli inapakwa juu ya chapati ikitoka kwenye moto, mtindi unaletwa kwenye bilauri, na paneri ni jibini. Sema chapati zisipakwe samli, wanakuletea kavu.

Na sehemu ninayoipenda kuliko zote ni kwa Waethiopia. Waumini wa Kanisa la Orthodoksi la kule wanafunga Jumatano na Ijumaa karibu mwaka mzima, na kabla ya Pasaka wanafunga siku 55, na kufunga kwao ni pamoja na kuacha nyama, maziwa na mayai. Kwa hiyo chakula ninachokula mi kwao kina heshima ya miaka mingi, hakuna anayekuuliza unaumwa nini. Unaagiza beyaynetu ya mfungo, yaani sahani ya mchanganyiko, inakuja injera kubwa, ule mkate wao mwembamba laini, na juu yake vilima vidogovidogo vya shiro, rojo la unga wa kunde, dengu nyekundu za pilipili, kabichi na karoti, mboga za majani. Hakikisha tu umesema ya mfungo, maana siku za kawaida wanaweza kutumia siagi yao ya viungo. Hoteli zao Nairobi ziko nyingi, Dar nazo zipo.

Kinachobaki ni watu. Ofisini wakiamua nyama choma naenda, siwezi kukaa nyumbani kwasababu ya sahani. Naagiza ndizi za kuchoma, ugali, kachumbari na parachichi, naomba ndizi ziwekwe kwenye kona ya jiko isiyo na nyama. Kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, ndo pagumu, ndizi zinakaangwa na nyama yenyewe kwenye sufuria moja, pale nakula kabla ya kwenda, nakunywa soda napiga stori. Ila la kuchangia bili sawasawa hapana jamani. Wamekula mbuzi nusu, mi nimekula ndizi tatu, bili inagawanywa sawa kwa vichwa na ukisema unaonekana mchoyo. Nasema mwanzoni kabisa kabla hakijaagizwa kitu, mi nalipia changu, na kwa kweli tangu nianze kusema mapema hakuna aliyenuna.

Wanaoniuliza kuhusu vitamini B12, ndio, kwenye mimea huipati, nanunua vidonge duka la dawa, hilo msilipuuze hata mkila vizuri namna gani.

Na ukienda Zanzibar, Forodhani, urojo, ile supu nzito yenye viazi na bagia, unapatikana bila shida, mwambie asiweke yai wala mishkaki, akuongezee kachori, bagia na chatini ya nazi. Ukiona ana sufuria ya supu ya nyama pembeni muulize kwanza ule uji wenyewe ameuchanganya na nini.