Ukisubiri tangazo la posidoki, umechelewa

Tangazo la posidoki, yaani kazi ya utafiti baada ya uzamivu, hutoka mwishoni. Kabla yake mkuu wa maabara ameshapata ruzuku, na mara nyingi kichwani ana jina la mtu aliyemwandikia mapema. Kama unatetea tasnifu ya bayoinfomatiki (uchambuzi wa data za kibayolojia kwa kompyuta) mwakani, Tengeru au Moshi, barua pepe za kwanza zitoke mwaka huu.

Chagua maabara kumi hivi. Soma makala mbili za karibuni za kila moja, hasa sehemu ya mbinu. Andika maneno kama 150, na sentensi ya kwanza iguse kazi yao: "Mti wenu wa nasaba ya bakteria E. coli hauna sampuli za mifugo ya Afrika Mashariki. Tasnifu yangu ina jenomu 84 za E. coli kutoka kwa ng'ombe wa Monduli na wafugaji wao." Barua ya "Mheshimiwa Profesa" iliyotumwa kwa watu 60 hujulikana tu, na hufutwa.

Atakayevutiwa atafungua GitHub yako, tovuti unakoweka msimbo wa programu zako, na hapo ndipo wengi huanguka. Msimbo unasoma data kutoka /home/neema/Desktop/data/final2, folda ambayo haipo popote duniani isipokuwa kwenye laptopu ya Neema. Tumia njia za faili zinazoanzia ndani ya mradi wenyewe. Weka faili la conda (kisimamizi cha programu) lenye matoleo ya kila programu, na data ndogo ya majaribio inayomalizika kwa dakika chache. Kisha mpe mwenzako auendeshe msimbo huo kwenye mashine yake, wewe ukae kimya. Kila swali atakalouliza, jibu lake liandikwe kwenye README, faili la maelezo ya mradi.

Kuna pia njia ya kwenda na ufadhili ulioomba na kuupata mwenyewe, na kwa maoni yangu ndiyo inayopuuzwa zaidi huku kwetu. Ufadhili wa Humboldt wa Ujerumani hupokea maombi mwaka mzima, ila uwe hujapita miaka minne tangu upate uzamivu, na uwe na mwenyeji aliyekubali kukupokea. Ufadhili wa Marie Curie wa Umoja wa Ulaya una mtego: katika miezi 36 kabla ya siku ya mwisho, usiwe umeishi au kufanya kazi zaidi ya miezi 12 katika nchi unayoombea. Waliosoma uzamivu nusu hapa nusu Ubelgiji wahesabu mihuri ya pasipoti kwanza, la sivyo watafute mwenyeji nchi nyingine.

Wadhamini, yaani watakaokuandikia barua za mapendekezo, wape wiki nne. Shikamoo kwanza, ndiyo, lakini tarehe ya mwisho ikae kwenye mstari wa juu wa ujumbe, na umkumbushe Prof wiki moja kabla.

Dirisha la maombi la Marie Curie kwa miaka ya karibuni limekuwa likifungwa Septemba, saa 11 jioni ya Brussels, yaani saa 12 jioni Arusha. Pakia toleo kamili siku tatu kabla. Mfumo unakuruhusu kulibadilisha hadi dirisha lifungwe, na umeme ukikatika saa 11 na nusu, tayari kuna kitu kimeingia.