Nilivyompatia binti yangu joistiki ya Commodore 64

Binti yangu wa miaka mitano anaipenda Commodore 64 ya mjomba wake, kompyuta iliyotoka mwaka 1982, kuliko simu yangu. Shida ilikuwa joistiki, ile fimbo ya kuchezea michezo: ngumu, na viganja vyake havienei kuishika na kubonyeza kwa wakati mmoja.

Padi (kidude cha vitufe cha kushika mkononi) ya Sega Master System, mashine ya zamani ya michezo, ingefaa, lakini kuipata hapa Mombasa ni bahati nasibu. Ya Mega Drive, mashine nyingine ya Sega, inaingia tunduni vizuri, ila mpangilio wake wa umeme ni tofauti na inaweza kuunguza chipu. Mali ya kaka yangu hiyo, sijaribu.

Basi nikaamua joistiki nyingine itengenezwe. Joistiki hizi hazina ujanja ndani, ni swichi 5 tu. Kwenye plagi yake, pini 1 ni juu, 2 chini, 3 kushoto, 4 kulia, 6 kufyatua; 8 ndiyo ya pamoja. Swichi ikiunganisha pini yoyote kati ya hizo na 8, kompyuta inaelewa. Pini 7 ina volti 5, iache kabisa. Fundi wa redio wa Mwembe Tayari alichomea nyaya huku akicheka: "Mama, hii si ni kengele ya mlangoni!" Vitufe vikubwa vya rangi tulivipachika kwenye mkebe wa plastiki wa chakula, chini nikabandika vipande vya kandambili usiteleze. Fimbo hatukuweka, mtoto anapiga vitufe kwa kiganja kizima.

Chomeka tundu la 2. La 1 linachangia njia na kibodi, utaona herufi zikijiandika zenyewe.