Forosadi na stroberi kwenye saladi: bustani yangu ilipofikia

Machi

Masika yameanza, nimepanda. Miche ya stroberi aina ya Chandler ipo kwenye ndoo zilizotobolewa chini, na kando ya uzio nimechomeka vipande vya mforosadi vya urefu wa shubiri. Mforosadi hauna makuu: ukipata udongo wenye unyevu unachipua. Mkubwa tunao nyuma ya jiko, ila miaka yote matunda yake yameliwa na ndege na watoto.

Nafanya hivi kwa ajili ya mama. Hospitali walimwambia ana upungufu wa damu. Vidonge vya madini ya chuma anakunywa kama alivyoandikiwa, na hilo halibadiliki. Lakini aliambiwa pia ale mboga za majani kwa wingi. Chuma kilichomo kwenye mboga mwili hukifyonza kwa shida kuliko kile cha nyama, na kinachosaidia sana ni vitamini C ikiwa kwenye mlo uleule. Sisi mboga tunazichemsha mpaka zinalegea, na moto unaondoka na sehemu kubwa ya hiyo vitamini. Ndiyo maana nataka matunda mabichi kwenye sahani.

Julai

Stroberi za kwanza. Baridi ya huku Meru inazifaa, ila unyevu unaleta ukungu wa kijivu. Nimetandaza nyasi kavu chini ya matunda yasiguse udongo, na linaloanza kuoza naliondoa siku hiyohiyo. Siyaoshi mpaka wakati wa kula.

Gramu 100 za stroberi zina takriban miligramu 59 za vitamini C, chungwa lina kama 53. Forosadi ina kama 36, lakini yenyewe ina chuma pia, karibu miligramu 1.9. Kwa hiyo sioni sababu ya kuumiza mfuko kwa beri za kopo dogo zilizosafirishwa kwa ndege.

Septemba

Nimepogoa mforosadi mkubwa na kupukutisha majani. Matunda yanakuja na machipukizi mapya, kwa hiyo vuli inatarajiwa kwa hamu.

Novemba

Umezaa! Nachuma zile nyeusi kabisa, zinazodondoka zikiguswa tu. Vidole vinageuka zambarau. Nikikamua ndimu rangi inakuwa nyekundu, nikishika sabuni inaelekea bluu. Rangi hiyo ni anthosiyanini, ileile inayosifiwa kwamba inakinga mwili. Utafiti juu yake unaendelea na una matumaini, lakini anayeuza juisi ya beri kama dawa ya saratani anadanganya wagonjwa, na linaniudhi sana.

Saladi yenyewe: sukuma wiki changa, nakata nyembamba kuliko ya kupika, natia chumvi na ndimu, nafikicha kwa mkono mpaka majani yanywee na kung'aa. Hapo ndipo mama alipokubali, maana mwanzoni alisema, "Mwanangu, majani mabichi ni ya mbuzi." Naongeza karoti ya kukwaruza, parachichi, karanga za kukaanga zilizopondwa kidogo. Mafuta ya parachichi yanausaidia mwili kuchukua virutubisho vya karoti. Forosadi na stroberi zinaingia mwisho kabisa, mezani. Ukizichanganya mapema bakuli lote linakuwa zambarau na majani yanapoteza sura. Sukari hapana. Tunda likiwa zima linakuja na nyuzinyuzi zake, ukilichuja juisi unazitupa.

Chai tumeihamisha, hainywewi tena pamoja na chakula, kwa sababu inazuia chuma kufyonzwa. Mama hilo limemwia gumu kuliko majani mabichi.

Forosadi haikai, kesho yake imeshachacha. Zinazobaki nazitandaza kwenye sinia ndani ya friza, zikishaganda nazitia mfukoni. Vile vipande vya uzioni vimeshika. Masika ijayo navihamishia kwenye nafasi ya mita tatu tatu, na stroberi naziongezea ndoo kutoka kwenye vikonyo vinavyotambaa.